Kengele ya Mtungi wa Hewa

Ndani ya basi, fundi redio alipakata kisanduku chenye taa na waya. Binti aliyekaa kando yake hakutulia. Alikitazama, akageukia dirishani, akakitazama tena. "Samahani, baba, umetumia mchoro wa kengele ulioko mtandaoni? Ule ni wangu."

"Ubarikiwe, mwanangu, umetugawia bure. Hewa ya mtungi anaopumulia dada yangu mgonjwa ikikaribia kwisha, kengele hii italia. Nimeijaribu na mtungi mpya, ikalia mpaka majirani wakatoka nje."

"Ndiyo shida yenyewe. Nilipishanisha nyaya mbili. Inalia mtungi ukijaa; ukiisha, inanyamaza. Nimeshaweka mchoro mwingine, hukuuona?"

Mimi niliyekaa nyuma yao, niliyewahi kunasa stesheni ya redio ya mwezini kwa uma na kikombe cha bati, nilisogeza sikio karibu.

"Kifungue, nikirekebishe hapa hapa," binti akasema.

"Hakifunguki. Nimemimina gundi, wajukuu wasikichokonoe."

"Nimetoa mchoro ili watu wafungue, baba, wewe unaziba?"

"Na wewe unagawa kabla hujajaribu?"

Basi likasimama. "Nashuka hapa, dada ananingoja," fundi akasema, akainuka na kisanduku chake. Binti alikuwa amekishika upande wa pili, na hakuna aliyeachia.