Mtunza Ghala na Milioni Moja na Tatu

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka mtunza ghala wa machimbo ya mawe. Ghala lake lilikuwa la baruti. Wenzake walimwita Mzee Baki, maana kila penye hesabu aliuliza, "Imebaki ngapi?"

Alipenda namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Kipenzi chake kilikuwa milioni moja na tatu. Aliigawa kwa mkono, kwa kila namba tasa iliyo chini ya elfu moja. Mara mia moja sitini na nane, wasikilizaji. Mia moja sitini na nane! Kila mara kikabaki kitu. Alipomaliza, akajua ni tasa kweli.

"Nilimwambia, mume wangu, ungeoa hiyo namba basi," anasema mjane wake. "Akacheka, akanimenyea viazi vyote."

Jirani yake, milioni moja na moja, ilimhadaa wiki nzima. Kumbe mia moja na moja inaigawa, wala hakibaki kitu. Akaziandika zote mbili kwenye daftari. Ile iliyo tasa akaifanya namba ya kufuli la ghala. Hilo ndilo kosa lake.

Siku moja, saa nne asubuhi, waliingia ofisini kwake wanaume watatu wenye nyundo na nondo. Wakamfunga mpishi wa machimbo kwenye kiti. Mpishi ndiye aliyetusimulia. Walitaka baruti wakalipue soko. Na sokoni humo, wasikilizaji, binti yake Mzee Baki ana kibanda cha nguo.

Wakaliona daftari. "Mzee, ni ipi kati ya hizi mbili? Sema, au tukuponde kama kokoto!"

Wakamponda kidole cha kwanza. Damu ikaruka hadi ukutani. Wakaponda cha pili.

"Kaka, wape tu!" mpishi akalia.

"Funga macho, dada yangu. Usitazame."

Cha tatu kikapasuka. Hapo ndipo akasema, "Milioni moja na moja."

Angeitaja mapema, wasingemwamini. Kufuli lile ukikosea mara moja tu, king'ora kinalia na mlango haufunguki mpaka kesho yake. King'ora kikalia. Wakamvunja mbavu kwa nondo, wakamkanyaga kichwa, wakatimua mbio. Wavunja mawe wakawadaka langoni. Baruti haikutoka.

Aliishi siku mbili hospitalini. Binti yake anasema: "Aliniuliza, 'Umefungua kibanda leo?' Nikamwambia sijafungua, Baba, niko na wewe. Akanigombeza! 'Nenda kafungue, mwanangu, watu wanahitaji nguo.' Nikaenda. Niliporudi, alikuwa ameshafunikwa shuka."

Kwa mjane, kwa binti, kwa mpishi ambaye bado anashtuka akisikia nyundo: poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Nawe unayesikiliza, yuko mtu mahali fulani anayekulindia mlango usioujua. Leo, kabla hujala, mtaje japo kimoyomoyo.