Masinia ya Um Wagdi

Mimi sidukui maneno ya watu. Leo kwenye tramu ya Aleksandria nilihama kiti ili tu nisisikie vibaya.

"Walinipasua uti wa mgongo, dada, na maumivu yako palepale!" Um Wagdi, yaani Mama Wagdi, aliyekuwa kiti cha mbele yangu, alimlalamikia mama aliyeketi naye. "Daktari anasema picha ni safi, halafu anataka kunipasua tena. Nikubali, nikatae? Sijui."

"Huinui vitu vizito?"

"Wallahi, hata sufuria! Kazi zote anafanya mkwe wangu."

"Basi mbona mgongo unauma?"

"Si ndilo ninalokuuliza!"

Tramu ikasimama mbele ya tanuri la mkate. Mwokaji akaita dirishani: "Um Wagdi! Vileja vyako vya Idi vimeiva! Njoo uyabebe masinia kichwani kama ulivyoyaleta jana!"

Um Wagdi akanigeukia mimi. "Anamwita nani yule?"