Wimbo Uliowaliza Wakwe

Kwenye basi la Mwatate, kiti cha mbele yangu, jamaa aliyejitambulisha kama Wesonga wa reli alikuwa anamfundisha mama mmoja Mtaita kwamba wimbo mzuri hauhitaji maneno.

"Ni sauti, mama! Mimi Kidawida chenu sijui hata salamu. Lakini kuna wimbo wenu niliupiga kwa harusi yangu, wakwe zangu wote, Wataita wa Chawia, wakatokwa na machozi. Kama huo si mzuri, mzuri ni upi?"

Akauimba bila kuombwa. Sauti anayo, hilo sitamnyima.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Baba, huo tunauimba jeneza likishushwa kaburini."

"Lakini walicheza!"

"Walikuwa wameshakula mbuzi wako. Wangekataaje?"

Wesonga alicheka kwa huruma, kama mtu anayemsikitikia asiyejua muziki.

Basi liliposimama Mwatate, simu yake ikalia, na mlio wake ulikuwa wimbo ule ule. Wazee wawili waliokuwa wakielekea mlangoni wakavua kofia, wakasimama kimya, vichwa chini.

Wesonga akamgusa mama begani. "Umeona? Hata hawa wimbo umewaingia."