Bi. Mwanakombo na Macho ya Shaibu

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025, Bi. Mwanakombo Lali anastaafu baada ya kuitumikia bustani yetu ya nyoka na mijusi hapa Kilifi kwa miaka ishirini na tisa. Alikuja kufagia. Anaondoka akiwa mlezi mkuu wa wanyama, na sisi tunaobaki bado tunajiuliza mama anayekimbia mende nyumbani kwake aliwezaje kubeba chatu mabegani kama mtandio.

Wa zamani watakumbuka chatu alipotoroka, akapatikana amejikunja chini ya kiti cha meneja wa enzi hizo. Meneja alipanda juu ya meza. Bi. Mwanakombo aliingia, akamsabahi kwanza meneja kwa adabu zote, kisha ndipo akamchukua chatu. Huyo ndiye Bi. Mwanakombo: salamu mbele, mengine baadaye.

Lakini cha kusimuliwa leo ni habari ya Shaibu. Shaibu ni mjusi wa asili ya Australia, mwenye miiba laini kidevuni inayofanana na ndevu, na akiogopa au kukasirika ndevu hizo hufura na kuwa nyeusi ti. Aliletwa mwaka jana na mwenye nyumba ya wageni Kikambala aliyekuwa akihama nchi. Tangu siku ya kwanza alikuwa na kioja chake: akimrukia panzi, anauma mchanga. Panzi yuko pale pale, wala hana habari.

Basi bustani nzima ikageuka chuo cha utabibu. Mlinzi alisema ni jicho la hasidi. Mpishi akasema ni uzee. Mimi nilishikilia kwamba anaringa. Daktari wetu wa wanyama, Nyaboke, alimmulika kwa tochi akatueleza kuwa jicho la kushoto liliunguzwa na taa kali huko alikotoka, na halitapona. La kulia lilikuwa zima, ila limevimba na kutoka machozi, na sababu yake hakuijua. Akaweka taa nyingine, akaleta dawa ya kupaka. Wapi. Macho yote mawili yakafumba kabisa, na Bi. Mwanakombo akawa anamlisha kwa mkono, akimgusisha panzi mdomoni na kumbembeleza kama mtoto aliyekataa uji.

Meneja wetu wa sasa si mtu mbaya, lakini alisema lililokuwa kweli: hakuna mwingine mwenye subira hiyo. Bi. Mwanakombo akistaafu na Shaibu bado hawezi kujilisha, itabidi apigwe sindano ya kumpumzisha milele. Bi. Mwanakombo alikwenda nyuma ya bohari akalia, na sote tulijua.

Mara akapata safari ya Lamu, harusi ya mpwa wake, na Nyaboke akamshikia kazi. Aliporudi alikuta jicho la kulia limeanza kufunguka, ufa mwembamba kama uzi. Tulifurahi, lakini haikuchukua muda likafumba tena. Watani wakaanza kusema mjusi hataki kumwona. Yeye hakucheka. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya kizimba na kujiuliza: mimi nikiwepo kuna nini, ambacho nisipokuwepo hakuna?

Kulikuwa na chetezo. Kila asubuhi, kabla wageni hawajaingia, Bi. Mwanakombo alikuwa akifukiza ubani kuondoa harufu ya nyoka. Nyoka moshi haukuwadhuru, maana vizimba vyao ni vya wavu na upepo unapita. Shaibu alikaa kwenye kizimba cha kioo kilichofunikwa juu, chenye matundu chini tu. Na kwa kuwa Shaibu ni mgeni, tena mgonjwa, Bi. Mwanakombo alikuwa akikiweka chetezo chini yake hasa, kama mgeni wa heshima anavyofukizwa kwetu. Moshi ukipanda humo hauna pa kutokea.

Mwingine angekiondoa chetezo kimyakimya na kujisifia dawa. Yeye alimwita Nyaboke, akasema, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Nimempofusha kwa ukarimu." Nyaboke naye akakiri kwamba kila asubuhi alikuwa akisimama palepale kuisifu harufu ile.

Chetezo kilihamia ofisini, na jicho la kulia likafunguka wazi. Sasa sikieni maajabu. Yule mjusi, baada ya miezi yote ya kulishwa kwa mkono ule, alipomwona Bi. Mwanakombo vizuri kwa mara ya kwanza alifura ndevu zikawa nyeusi kama lami, akarudi nyuma hadi ukutani. Kumbe alimjua kwa sauti tu. Bi. Mwanakombo alicheka mpaka akashika mbavu, ingawa nadhani kidogo ilimchoma.

Ikabaki kazi ngumu: kumfundisha mwenye jicho moja kuwinda. Alimwekea panzi upande wa kulia, juu ya sahani nyeupe, na akajikataza kumlisha kwa mkono. Kumwona Shaibu na njaa yake, akikosa na kukosa, kulimtesa kuliko kazi yote aliyowahi kufanya hapa.

Alhamisi iliyopita meneja alikuja kushuhudia, na sisi nyuma yake. Bi. Mwanakombo aliweka panzi, akaondoa mkono, akaufunga nyuma ya mgongo. Shaibu aliruka, akakosa. Akainamisha kichwa, akalenga kwa jicho lile moja, akaruka tena, na tukasikia panzi akitafunwa. Alipomaliza alitupa mgongo sote, Bi. Mwanakombo akiwa wa kwanza.

"Alhamdulillahi," akasema, machozi yakimtoka. "Hanihitaji tena."

Bi. Mwanakombo, ahsante kwa yote. Mola akujaalie afya, usingizi wa asubuhi, na wajukuu wa kukusumbua. Usiwe na wasiwasi huko uendako. Leo asubuhi amekula watatu, mwenyewe.

Nelly Garama, kwa niaba ya wafanyakazi wote