Breki za Baba Happiness

Pale Ilongero, bodaboda zinapojipanga kungoja abiria wa mjini, kuna benchi la mbao lenye wabunge wasiochaguliwa na mtu. Waziri ni mzee Lazaro, asiye na wizara wala baiskeli. Miraji wa bodaboda ni King'ora, maana husikika kabla hajafika. Philipo ni Simenti. Akishaamua jambo, limeshakauka. Anayewamiminia kahawa ni Dorkas, mama Eliza, aliyeishia darasa la nne na hajawahi kuficha kwamba linamuuma. Asubuhi hiyo Simenti alifika akichechemea, kiganja kimefungwa kitambaa, mkononi ana barua ya kupeleka kwenye kamati ya shule saa nne: Mwalimu Ritha akatazwe kuwatoa watoto nje kwa somo la sayansi. Wenzake wawili walitia saini kabla hata ya kuuliza. Ilibaki ya Dorkas.

— Weka jina hapa, mama Eliza.

— Kwanza niambie umeangukia wapi.

— Mteremko wa kisimani. Nabana breki, baiskeli ndiyo kwanza inakazana! Nimeingia shamba la alizeti la watu, mzimamzima. Kufika nyumbani, Happiness ananiambia, "Baba, mwalimu kasema mafuta yanapunguza msuguano, nikakupakia kwenye breki uende vizuri."

King'ora akacheka mpaka kahawa ikamtokea puani.

— Cheka tu wewe!

— Sicheki, mzee wangu, nasikitika. Huyo mwalimu ni noma. Tangu aanze hayo mambo yake, tairi langu la nyuma limekuwa kipara. Msuguano wa kata nzima umepungua!

— Tairi lako lina miaka mitatu, Dorkas akasema.

— Na upepo je? Si aliwakimbiza watoto uwanjani na maboksi vifuani, eti waone unavyowarudisha nyuma? Tangu siku hiyo upepo umeshajua kazi yake. Nikienda mjini unanipiga usoni, petroli inaniishia njiani.

Waziri akakohoa. Waziri akikohoa, benchi zima hunyamaza.

— Nyie mnaongelea tairi, mimi naongelea mkoa. Yale mawe yaliyopandana kule njiani yamekaa bila gundi tangu enzi za babu zangu. Yanashikwa na nini? Msuguano! Leo watoto wameshajua dawa yake ni mafuta ya alizeti. Kesho kila mmoja na kidumu chake. Mtasikia mawe yote yako ziwani Singidani, maji yamefika stendi!

— Umesikia hiyo? Simenti akadakia. Weka jina, mama Eliza, kabla hatujazama.

Dorkas alikuwa na hasira, na hakuona sababu ya kuimeza. Miaka yote Eliza akiulizwa leo mmesoma nini, jibu lilikuwa moja: tumenakili. Wiki hii mtoto ameegemeza ubao wa jikoni ukutani, akateremsha kipande cha sabuni, kandambili na kikombe, huku anamweleza mama yake kwa nini kimoja kinawahi na kingine kinagoma, mpaka ugali ukaungua. Dorkas aligomba kwa ajili ya ugali, lakini moyoni alifurahi kupita kiasi. Yeye enzi zake alichapwa kwa kushindwa kueleza neno alilolinakili kutoka ubaoni bila kuelezwa maana yake, na mpaka leo hajaijua.

— Siweki.

— Unasemaje?

— Siweki! Mwanangu kwa mara ya kwanza anarudi shuleni ana kitu cha kusema. Nimrudishe kwenye kunakili kwa ajili ya goti lako?

— Ningevunjika shingo je?

— Hiyo shingo yako, Simenti? Ivunjwe na nini?

Hapo hapo akatokea Mwalimu Ritha mwenyewe, chaki kwenye mkono wa blauzi, anaelekea kwenye hicho kikao cha kamati.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwalimu, wakaitikia, kila mtu akitazama pembeni.

Dorkas akamnyang'anya Simenti barua, akampa mwalimu peupe. Ritha akaisoma amesimama mpaka mwisho.

— Pole sana, baba Happiness. Hapo nilikosea mimi. Nilifundisha namna ya kuupunguza msuguano, kengele ikalia. Namna unavyotuokoa, kwenye breki, kwenye soli, kwenye kamba ya ndoo, nimeipanga Ijumaa, nje, kwa baiskeli yangu mwenyewe. Kamati waseme watakavyosema, Ijumaa natoka nao.

Akairudisha barua kwa Dorkas.

— Ila mnijibu kitu kimoja. Mkinizuia, hiyo nusu iliyobaki nani kati yenu atawafundisha?

Waziri akachungulia kikombe chake. King'ora akaanza kufuta taa ya pikipiki iliyokuwa safi. Simenti akaanza kukaza kitambaa cha kiganjani.

Dorkas akaikunja barua mara mbili, akaisukuma kwenye makaa chini ya birika.

— Mama Eliza! Hiyo ina saini za watu!

— Ilikuwa nazo. Haya, kahawa imebaki kikombe kimoja, na ni cha mwenye jibu. Nani?

Hakuna aliyenyoosha mkono. Dorkas akaimimina, akainywa mwenyewe.