Sauti ya Wajane

Kwenye Noah ya abiria ya kwenda Kibosho, binti mbele yangu alikuwa amepakata ripoti ya maprofesa wa nchi tatu kuhusu haki za wajane, utadhani mtoto anayepelekwa kubatizwa. "Shikamoo mama," akamwamkia mama aliyekaa pembeni yake. "Utafiti unaonyesha wajane wa huku wameridhika."

"Marahaba. Mjane waliyemhoji ni mimi," mama akasema. "Nililia saa nzima kwa Kichagga, mkalimani akawaambia maneno mawili, nao wakaandika."

Usomi una haraka zake.

"Mkalimani alikuwa nani?" binti akauliza.

"Shemeji yangu Thadeus. Ndiye aliyechukua kihamba chetu, shamba letu la urithi, mume wangu alipofariki."

Binti akafungua ukurasa wa shukrani, akasoma polepole: "Kwa Bwana Thadeus, sauti ya wajane."

"Dereva, shusha!" mama akasema. "Sauti hiyo ndiyo iliyoniambia nihame."