Watu wa Myeyusho

Kijiwe chetu ni benchi moja refu, mguu wake wa nne ni matofali, mkabala na geti la ukumbi wa mikutano. Birika ni langu, jiko ni langu, na benchi pia ni langu, ingawa ukiwasikia hawa wanaume wakibishana utadhani walirithishwa na babu yao. Wananiita Mama Birika. Yupo Bwana Redio, anayetengeneza redio na kutangaza kwa niaba ya zile zilizomshinda. Yupo Kinyozi, ambaye wateja wake hutoka na nusu kichwa kwa sababu ameshika mkasi lakini akili iko huku kwenye ubishi. Na yupo Fundi Makufuli, anayefungulia milango watu waliopoteza funguo, mtu wa maneno machache. Asubuhi hiyo alikuja na shati lililopigwa pasi mpaka kola, viatu vimepigwa rangi vinang'aa. Ilikuwa Jumanne, siku ya kazi. Nikamtazama, sikumuuliza, nikammiminia kahawa.

Chanzo cha ubishi kilikuwa bango juu ya geti: Kongamano la Kimataifa la Utafiti wa Kemia ya Miyeyusho. Sasa hapa kwetu, mtu wa myeyusho ni yule anayekuahidi jambo kisha anayeyuka, humuoni tena. Fundi bomba aliyekwambia anakuja kesho, na hiyo kesho ikaota mvi, huyo ndiye mtu wa myeyusho. Kwa hiyo bango lile lilisomwa kwa namna yake.

— Nilijua tu, akasema Bwana Redio. Matapeli wa dunia nzima wamekutana.

— Na bango wametundika, akasema Kinyozi. Zamani walikuwa wanajificha.

— Umoja ni nguvu.

Redio akaeleza kama mtu aliyetumiwa mwaliko. Kila nchi imeleta bingwa wake. Mmoja atafundisha namna ya kusema "niko njiani" ukiwa bado umejifunika shuka. Mwingine atafundisha kuaga kazini kwa mazishi ya bibi yuleyule mara mbili kwa mwaka. Mwenyekiti, kwa maoni yake, lazima awe wa hapa hapa, maana kipaji tunacho.

Kinyozi akakataa. Alisema neno la kuangalia pale ni kemia, na kemia yeye anaijua, anaipaka vichwani kila siku. Humo ndani wana dawa ya kuyeyusha watu. Ndiyo maana kila anayeingia amening'iniziwa kadi ya jina shingoni. Akishayeyuka, kadi inabaki sakafuni, wanajua wamempoteza nani.

— Wahenga walisema, akadakia Redio, ukiona vyaelea, ujue bado havijayeyuka.

— Methali haiko hivyo, nikamwambia.

— Ilikuwa haiko hivyo, Mama Birika. Utafiti umeendelea.

Fundi Makufuli hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, macho getini. Wiki nzima alikuwa akifika kabla sijawasha jiko, nikimkuta amesimama kule ng'ambo ya barabara anaongea na mlinzi. Nikimuuliza mbele ya wenzake, hujibu kwamba anakagua kufuli la geti.

Hawa wawili wamehamia mtaani juzi juzi, hawajui. Mimi najua. Fundi ana binti, kifunguamimba wake, aliyekwenda kusoma nje. Baba alitaka asomee ufamasia, arudi afungue duka la dawa hapa hapa, na makufuli ya duka alishayachagua yeye mwenyewe. Siku moja binti akapiga simu kusema amebadili, anasomea miyeyusho. Fundi alikuwa amesimama karibu na jiko langu, na nilisikia kwa masikio yangu haya. Alimwambia, "Basi nenda kayeyuke huko huko," akakata simu. Ni miaka mitatu sasa, hakuna aliyempigia mwenzake. Na juzi mkewe alikuja kwangu akanong'ona kwamba binti amefika kwa kongamano, amefikia hotelini na wenzake, kama mgeni katika mji aliozaliwa. Kamwambia mama yake kwamba hataingia nyumbani mpaka baba amwite kwa mdomo wake. Na baba ni kidume, anangoja aombwe. Kongamano lenyewe linafungwa jioni ya leo.

Basi kila walichosema hawa wawili kilimwangukia yeye. Nikajaribu kuwahamishia kwenye mpira, wakagoma. Redio alishafika mbali, anasema watayeyusha chumvi yote ya baharini kisha watuuzie kwa kijiko. Kinyozi akaona hiyo ndogo.

— Bora wayeyushe maneno. Mtu akuseme vibaya, unapaka dawa, neno linayeyuka.

— Hiyo haiwezekani, akasema Redio. Maji yakimwagika hayazoleki.

Asubuhi nzima alikuwa akivuruga methali, hiyo akaipatia. Fundi akaweka kikombe chini, hakukigusa tena. Nilimuonea huruma, na nilimkasirikia vilevile, maana hatua za kuvuka ile barabara hata mtoto anaziweza.

Hapo geti likafunguka, akatoka dada mmoja mwembamba, kadi shingoni, akavuka moja kwa moja mpaka kwetu. Nilimtambua kwa yale macho, ni ya baba yake yaliyopunguzwa ukali. Akasema shikamooni, akaketi ncha ya pili ya benchi bila kutazama ncha ya kwanza. Fundi akainamia viatu vyake. Dada akaomba kahawa, akaomba na sukari, ambayo huwa nimeificha.

Redio hangeweza kunyamaza. Akamuuliza kwa heshima zote kama ni kweli humo ndani wanafundishana utapeli, au wanayeyusha watu. Dada hakukasirika. Akatia sukari kijiko kizima, akakoroga taratibu, akamsogezea kikombe.

— Sukari imekwenda wapi?

— Imeyeyuka.

— Ndiyo. Nauliza, imekwenda wapi?

Redio akachungulia kikombe. Kinyozi akachungulia naye. Dada alikuwa anawauliza wao, lakini sauti ilikuwa inapita juu ya mabega yao kwenda ncha ya benchi.

— Haijaenda popote, akasema Fundi Makufuli.

Wote wakageuka.

— Ipo humo humo. Haionekani tu, lakini atakayeonja ataikuta.

Akainua macho kutoka kwenye viatu.

— Mwanangu, lile neno nililisema kwa hasira. Sijawahi kulala nikalisahau. Naomba uje nyumbani.

Binti alishika mdomo kwa kiganja, machozi yakashuka juu ya kadi yenye jina lake. Kinyozi akatazama mkasi wake. Nami kwa furaha nikamwaga kahawa ya watu.

— Nitakuja, baba, akasema. Leo leo.

Fundi akasimama, akavuta kola.

— Basi twende. Unazungumza baada ya mapumziko haya, chumba cha juu, na wewe ndiye wa kwanza. Usiwacheleweshe watu.

Binti akabaki amemkodolea macho.

— Umejuaje?

Fundi alimchukulia mfuko wake, akatangulia kuvuka, binti nyuma yake anajifuta uso. Tuliwaona wanafika getini. Mlinzi hakumuuliza kadi. Alifungua geti lote, akasema kwa sauti ya watu waliozoeana, hata sisi huku tukasikia:

— Leo umempata, mzee?

Binti alisimama palepale, akamtazama mlinzi, akamtazama baba yake. Kisha akamshika mkono, wakaingia.

Redio alionja kile kikombe chenye sukari, akakirudisha chini, akafikiri.

— Mama Birika, akasema, kwani lile kufuli la geti lilikuwa na shida gani?

Nikainama kutafuta mfuniko wa birika, ambao nilikuwa nimeushika.